Pikapu nzito ya dizeli kwenye tope: jinsi ya kuvuka, na jinsi ya kutoka ukikwama

Pikapu ndogo nyepesi inapita kwenye tope, kisha pikapu kubwa ya dizeli yenye nguvu mara tatu inafuata nyuma yake na kuzama palepale. Waliozoea barabara mbovu hawashangai, kwa sababu jibu liko kwenye mizani. Injini ya Cummins ya lita 5.9, kwa mfano, ina uzito wa karibu kilo 500 peke yake, na chuma chote hicho kimelalia ekseli ya mbele. Pikapu ya aina hiyo ikiwa haina mzigo, takriban asilimia 60 ya uzito wake iko mbele. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yanazama, na wakati huohuo ya nyuma, yaliyobeba bodi tupu, yanazunguka bila kushika chochote.

Halafu kuna namna dizeli inavyotoa nguvu zake. Msokoto mkubwa, yaani nguvu ya kuzungusha, unapatikana injini ikiwa inazunguka polepole, na yenye tabo (feni ya kuishindilia injini hewa) hukawia kidogo kisha nguvu ikaja kwa mkupuo. Kwenye lami hiyo ni raha. Kwenye tope mkupuo huo ndio unaokata mshiko, na tairi likishaanza kuzunguka bila kusogea linajichimbia shimo. Ndiyo maana, kama shida yako ni tope, kuongeza nguvu za injini ni mahali pa mwisho pa kupeleka pesa. Mimi huanza na mfumo wa fowili wenyewe, yaani ule unaoyapa magurudumu yote manne nguvu, halafu difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kulia na kushoto), halafu upepo wa matairi. Udereva unafuata, na kamba na winchi (mashine ya kujivutia kwa kamba) huja mwisho kabisa.

## 1. Hakikisha ekseli ya mbele inavuta kweli

Taa ya fowili ikiwaka kwenye dashibodi usiiamini moja kwa moja. Katika pikapu nyingi taa hiyo inapata habari kutoka kwenye transfa tu (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), yaani inajua kwamba propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli hiyo, imeunganishwa. Haijui kama habu za mbele, vitovu vinavyounganisha magurudumu na shafti zake, zimeshika, wala kama kiungio kilicho ndani ya ekseli kimefunga. Unaweza kuendesha miezi mingi ukidhani una fowili, ukaja kugundua siku ya tope kwamba unavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Tatizo hili linazipata pikapu za dizeli kwa namna yake. Mifumo mingi ya habu na viungio vya ekseli hufanya kazi kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Injini ya petroli hujitengenezea vakyumu kwenye manifodi kwa sababu ina kilango kinachobana hewa inayoingia. Dizeli ya kawaida haina, kwa hiyo hutegemea pampu ya vakyumu, ama inayozungushwa na injini au ya umeme. Pampu ikichoka, au mpira mmoja wa kupitishia vakyumu ukipasuka, habu hazifungi. Pikapu nyingi za Ford Super Duty za kuanzia 1999 zina habu za vakyumu za namna hiyo, na Dodge Ram za miaka ya 1990 zilikuwa na kiungio cha vakyumu ndani ya ekseli ya mbele. Mipira yake hupita karibu na joto la injini na chini ya gari kwenye mawe, kwa hiyo hukauka, hupasuka au huchomoka. Ifuate kwa mkono kuanzia pampu hadi kwenye ekseli kabla ya kununua kifaa chochote.

Kuna kipimo kizuri kisichohitaji kompyuta. Kifanye mahali tambarare, pagumu:

1. Kwenye ardhi laini weka fowili, sogea mita kadhaa mbele na nyuma ili kila kitu kifunge, kisha rudi polepole mahali tambarare. Zima injini ukiacha giaboksi kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki. Vuta hendibreki na zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vigingi.
2. Piga jeki gurudumu moja la mbele hadi liache ardhi, na uweke stendi chini ya ekseli. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.
3. Jaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Kama kila kitu kimefunga litagoma, litacheza kidogo tu.
4. Likizunguka, mwambie mwenzako aendelee kulizungusha huku wewe ukichungulia kinachozunguka pamoja nalo.

Hapo gari lenyewe linakuonyesha palipoharibika. Gurudumu likizunguka na shafti ya upande huo imetulia, habu ya gurudumu hilo haijashika. Shafti ikizunguka lakini propela ya mbele imetulia, tatizo liko ng'ambo: habu ya upande wa pili, au kiungio cha ndani ya ekseli. Propela nayo ikizunguka, transfa haijaingia, hata kama taa inawaka. Rudia upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache, na mafundi wengi huiruka wakakimbilia kufungua transfa.

Kama habu zako zina kitufe cha kuzungusha kwa mkono, kizungushe hadi kwenye alama ya kufunga kabla hujafika kwenye tope. Habu za Super Duty nazo zina nafasi hiyo hata kama kawaida hujifunga zenyewe. Kushuka na kulowanisha viatu mapema ni nafuu kuliko kupapasa habu iliyokwisha kufunikwa na tope.

Angalizo moja kuhusu mfumo wa fowili usio wa kudumu, ambao ndio uliomo kwenye pikapu nyingi za kazi: usiutumie kwenye lami kavu. Propela mbili zimefungwa pamoja, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa kwenye kona, na mvutano unajikusanya mpaka transfa inagoma kutoka. Ikigoma, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, na mara nyingi itaachia.

## 2. Jua difu zako

Magurudumu manne yakiwa na nguvu haimaanishi kwamba manne yanavuta. Difu ya kawaida hugawa msokoto sawasawa kulia na kushoto. Linasikika kama jambo jema, lakini maana yake ni kwamba gurudumu lililo kwenye ute likihitaji nguvu kidogo sana ili lizunguke, mwenzake aliye pagumu naye hupewa kidogo hichohicho. Pikapu yenye difu za kawaida mbele na nyuma inaweza kusimama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka, na mengine mawili yametulia juu ya ardhi ngumu.

Loki ya difu inaondoa tatizo hilo kwa kuzifunga shafti mbili pamoja. Kama unayo ya swichi, ifunge kabla ya kuingia, gari likiwa limesimama au linatambaa. Kuifunga wakati gurudumu moja linazunguka kwa kasi ni kuomba meno yavunjike. Loki ya kujifunga yenyewe ya Eaton, ile inayojulikana kama G80 kwenye pikapu za GM, inahitaji tofauti ya mizunguko kama 100 kwa dakika kati ya magurudumu mawili ndipo ifunge, na haifungi gari likiwa juu ya takriban kilomita 32 kwa saa. Kwa hiyo ukiingia kwa kasi ukitegemea itakuokoa, haitakuokoa.

Difu za kubana kwa sahani za klachi, zile zinazozuia kiasi gurudumu moja lisizunguke peke yake, huchakaa kimyakimya. Inua gurudumu moja la nyuma, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa vizuri pande zote, gia kwenye nyutro na hendibreki imeachiwa, ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kirahisi bila kukupa ubishi wowote, sahani zimekwisha na una difu ya kawaida tu. Ukiwa njiani na difu ya aina hiyo, vuta hendibreki meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta kidogo. Breki humpa kazi yule anayezunguka bure, na msokoto unaongezeka kwa mwenzake. Ikisaidia, iachie mara tu ukishatoka, vinginevyo utaunguza viatu vya breki.

Magari mapya hufanya kazi hiyo yenyewe kwa kompyuta, kwa kubana breki ya gurudumu linalozunguka. Mfumo huo unahitaji ushikilie mafuta kwa kiasi kilekile hata kama gari linatetemeka na kugonga. Wengi husikia mtetemo, huachia mafuta, na mfumo unaacha kufanya kazi sekunde moja kabla ya kuwasaidia. Mfumo wa uthabiti wa gari ni kitu kingine: huo hukata nguvu za injini ukiona gari linateleza, na kwenye tope hiyo ni balaa. Uzime kabla ya kuingia. Kwenye magari mengi kubonyeza mara moja huzima sehemu tu, na inabidi ushikilie kitufe sekunde kadhaa. Kitabu cha gari lako kitakuambia.

## 3. Punguza upepo, tena zaidi ya unavyodhani

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Matairi ya pikapu nzito hutengenezwa kubeba tani. Yale ya daraja E yanaruhusiwa hadi psi 80 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), na madereva wengi huyaacha kwenye 60 au 70 hata bodi ikiwa tupu. Kikanuni, shinikizo ambalo tairi linaliweka juu ya ardhi hukaribia upepo uliomo ndani yake. Tairi la psi 65 lenye uzito wa injini ya dizeli juu yake linapasua tope mithili ya kisu. Ukilishusha hadi 30, mkanyago wake unarefuka sana kwenda mbele na nyuma, meno mengi zaidi yanagusa ardhi, na ukuta laini wa tairi unajikunja kufuata mashimo badala ya kuyapiga.

Kwa pikapu nzito isiyo na mzigo mkubwa mimi huanzia hapa: mbele psi 35, nyuma 28 hadi 30. Mbele panabaki juu kwa sababu ndipo penye uzito. Tope likiwa zito, shuka hadi 25 pande zote. Chini ya 20 ni kwa kujinasua tu, mwendo wa kutambaa, bila kukata kona kwa nguvu, kwa sababu tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu. Gari lililobeba mzigo mzito haliruhusu kushuka kiasi hicho. Ukuta wa tairi utaungua. Na ukishashusha, usizidi kilomita 30 kwa saa mpaka ujaze tena. Kumbe basi pampu ya upepo inayotumia betri na kipima upepo cha kuaminika ni vya lazima, na mtu asiye navyo huwa hashushi upepo kabisa kwa kuogopa kurudi.

Kuhusu aina ya tairi nitasema kidogo. Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana hujisafisha likizunguka. Lile la barabarani hujaa tope kwenye mzunguko wa kwanza na kugeuka kuwa mpira laini. Upana ni suala la tope lenyewe. Chini yake kukiwa na ardhi ngumu, tairi jembamba hupenya na kuikanyaga. Tope likiwa halina mwisho, pana huelea vizuri zaidi. Sioni haja ya kugombana juu ya hili kabla ya kushusha upepo.

Wenye pikapu za matairi mawilimawili nyuma wana shida ya ziada. Udongo hujibana katikati ya matairi hadi yanakuwa gogo moja lisilo na meno, na kwa kuwa nyuma ni papana kuliko mbele, matairi ya nje hayapati njia iliyokwisha kukanyagwa. Hulazimika kulima yao. Simama kila baada ya muda, ondoa tope na mawe yaliyobanwa katikati. Jiwe lililokaa hapo linaweza kuyatoboa matairi yote mawili.

## 4. Uzito wa nyuma

Kuweka mzigo nyuma kunasaidia kwenye utelezi, yaani tope jembamba juu ya ardhi ngumu. Kilo 200 hadi 300 zinatosha. Ziweke juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na uzifunge. Wanaotupa magunia ya mchanga pale kwenye mlango wa nyuma wa bodi wanainyanyua pua ya gari na kupunguza uwezo wa usukani. Kwenye tope la kina kirefu habari inageuka: kila kilo unayoongeza inakuzamisha, na ni bora kushusha mzigo kuliko kuuongeza.

## 5. Lisome tope kwa miguu

Shuka. Chukua mti, tembea kwenye njia utakayopita, uchome kila hatua. Unatafuta majibu mawili: kina chake, na kama chini kuna kitu kigumu. Mti ukigonga pagumu chini ya sentimita 20 au 25, pengine utapita. Ukizama bila kugonga kitu, tafuta njia nyingine. Tope likifika katikati ya gurudumu, difu za pikapu yako zitakuwa zinaburuta, na hapo hakuna mfumo wa fowili unaoweza kuvuta gari lililolala kwa tumbo.

Angalia pia mifereji ya matairi ya waliotangulia. Kama ilichimbwa na malori, katikati yake kutakuwa na tuta lililo juu kuliko difu yako. Panda: tairi moja juu ya tuta, jingine juu ya ukingo wa nje. Usiingie mferejini kwa sababu tu unaonekana kama barabara. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hugandamana na tairi hadi linajaa kwenye madiga, yaani vifuniko vya juu ya magurudumu, na gari linaweza kukwama hata kwenye kina kidogo. Penye majani mabichi yenye mizizi panashika kuliko palipovurugwa. Na kabla ya kuingia, ujue tayari utatokea wapi na utafungia kamba wapi mambo yakienda vibaya.

## 6. Ndani ya tope

Weka fowili lo, yaani gia nzito za transfa, ukiwa umesimama. Gia za lo kwenye pikapu nyingi hupunguza mwendo na kuongeza msokoto kwa takriban mara 2.5 hadi 2.7, na kwa dizeli huo ni wingi wa nguvu hasa. Kwa hiyo usianze na gia ya kwanza, itakata mshiko kabla hujasogea. Anza na ya pili, au ya tatu kama tope ni la kuteleza tu. Otomatiki ifungie kwenye gia kwa mkono isijibadilishie katikati ya safari, maana kubadilisha gia kunakata mwendo pale unapouhitaji zaidi.

Ingia na mwendo uliouchagua kabla, kisha shikilia mafuta yaleyale. Tabo ikishashika, usiipandishe na kuishusha. Kila ukiachia na kukanyaga tena unapata ule mkupuo. Kwenye tope zito matairi yanahitaji kuzunguka haraka kidogo kuliko gari linavyosogea, ili yarushe udongo na kusafisha meno. Hilo ni kosa likizidi, ila kutambaa kabisa nako kunajaza meno. Utajua kiasi kwa kutazama kioo cha pembeni: udongo ukiruka na gari linasogea, endelea.

Gari likianza kupunguza mwendo, chezesha usukani kushoto na kulia haraka, robo mzunguko tu. Mabega ya matairi ya mbele hukuta udongo mpya ambao haujalowa ute, na mara nyingi gari hujivuta mita zilizobaki. Usikate usukani hadi mwisho huku ukikanyaga mafuta kwenye lo. Uzito wa mbele, msokoto wa dizeli na krosi (kiungio cha shafti) iliyojikunja hadi mwisho ndivyo vinavyovunja shafti za mbele. Ekseli ya nyuma ikianza kurukaruka juu ya springi zake, achia mafuta hapohapo, bila kubembeleza. Kila mruko ni nyundo kwenye krosi na meno ya difu.

Kwenye mteremko wa tope, tumia gia ya kwanza ya lo na uache breki. Kama gari lina breki ya ekzosti, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo, izime, kwa sababu inaweza kuyafanya magurudumu yateleze na nyuma iliyo nyepesi ikakutangulia.

Mwendo ukiisha na magurudumu yanazunguka bila kusogea, acha. Sekunde tatu zaidi za kukanyaga mafuta hugeuza kazi ya sepetu ya robo saa kuwa kazi ya nusu siku.

## 7. Umekwama: utaratibu wa kutoka

Jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye njia uliyokuja nayo, ambayo tayari imekandamizwa. Isipowezekana, weka haraka zako kando na ufuate mpangilio huu.

Shusha upepo tena, hadi 18 au 20. Kisha chimba. Anza chini ya ekseli na difu, halafu mbele ya kila gurudumu upande unaotaka kwenda, kwa mteremko mrefu na laini ili tairi lipande taratibu. Watu huchimba mbele ya matairi tu na kusahau kwamba gari limelala juu ya difu. Kama kuna maji, yatengenezee mfereji yaondoke.

Chini ya matairi tandika mbao za kujinasulia, matawi, mawe bapa au mazulia ya ndani ya gari. Anza na ekseli ya mbele, ndiko kwenye uzito na ndiko kwenye mshiko ukipata cha kushika. Mafuta kidogo tu: tairi likizunguka juu ya mbao za kujinasulia za plastiki linayeyusha meno ya mbao hizo. Hakuna mtu anayesimama nyuma wala mbele ya gari, kwa kuwa mti uliokanyagwa unaweza kuruka.

Jeki ndefu ya kuinulia bampa inasaidia kunyanyua gurudumu ili ujaze chini yake, lakini sijawahi kuipenda kwenye tope. Inahitaji ubao mpana chini, gari linaweza kuteleza pembeni wakati wowote, na mpini wake ukiachia hupiga taya. Sepetu ni ya polepole na salama zaidi.

## 8. Kuvutwa

Kwanza kadiria unachokwenda kukivuta. Kanuni inayotumiwa na waokoaji wa magari wa jeshi la Marekani ni rahisi: gari lililozama hadi kina cha magurudumu linahitaji nguvu sawa na uzito wake, likizama hadi kwenye madiga, mara mbili, likizama hadi kwenye kabini, mara tatu. Pikapu ya tani 3.5 iliyozama hadi madiga inahitaji tani 7. Sasa tazama ile kamba iliyo nyuma ya kiti chako.

Ndiyo maana kuchimba kunatangulia. Kila sepetu ya tope unayoitoa inapunguza hesabu hiyo.

Ukivutwa na gari jingine, tumia kamba inayovutika, ile ambayo hurefuka hadi asilimia 30 na kurudi. Mvutaji haondoki kwa kishindo. Anaanza na kamba ikiwa imelegea kidogo, anakwenda taratibu, na wewe unakanyaga mafuta kidogo kwenye gia ya pili ya lo. Cheni na kamba zisizovutika ni za mvuto wa polepole tu, kamwe si za kustukizwa. Fungia kwenye ndoano zilizoshikiliwa na chesisi, kwa shekeli (pingu za chuma) zilizoandikwa uwezo wake. Shekeli ya milimita 19 huwa na uwezo wa kazi wa tani 4.75.

Usifunge kamba kwenye mpira wa kuvutia tela. Mpira huo haukutengenezwa kwa mvuto wa ghafla, shingo yake hukatika, na kamba iliyonyooka huurusha kama risasi kupitia kioo. Watu wamekufa hivyo, wengine wakiwa ndani ya gari.

Winchi chagua yenye uwezo wa mara 1.5 ya uzito wa jumla wa gari. Kwa pikapu ya tani 3.5 hiyo ni zaidi ya tani 5, yaani ile ya ratili 12,000. Uwezo ulioandikwa ni wa tabaka la kwanza kwenye ngoma. Hupungua kila tabaka linapoongezeka, kwa hiyo toa kamba nyingi uwezavyo na uache mizunguko michache tu. Ukiongeza kapi na kurudisha ndoano kwenye gari lako, nguvu zinakaribia kuwa mara mbili na mwendo unakuwa nusu. Kwenye mti tumia mkanda mpana ili usiuchune. Weka blanketi zito au koti lililolowa juu ya kamba, injini iungurume muda wote ili betri isiishe, na watazamaji wakae mbali kwa umbali unaozidi urefu wa kamba. Watakuwepo tu, na kila mmoja atakuwa na ushauri.

## 9. Baada ya kutoka

Toa fowili na loki kabla ya lami. Jaza upepo. Usukani ukitetemeka ukiwa kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa, usikimbilie kupima balansi: ni tope lililoganda ndani ya rimu. Lioshe lote, na usafishe rejeta na intakula (kipoza hewa ya tabo) kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Injini ya dizeli inayovuta mzigo huku rejeta imezibwa na udongo hupanda joto haraka. Osha breki pia, kwa sababu mchanga uliobaki hula pedi.

Mwisho, fungua vizibo vya difu na transfa utazame oili. Ekseli yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kipumulio chake, hasa kipumulio kikiwa kimeziba. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji. Imwage na uweke mpya kabla ya safari ndefu, usafishe kipumulio au ukivushe juu kwa mpira hadi eneo la injini, na upige grisi kwenye krosi zote zenye nipo (chuchu za kupigia grisi) mpaka uone grisi safi ikitokeza.